Mashujaa ya Kigoma: Timu ya Jeshi katika Mji wa Mwisho wa Reli

Klabu ya soka ya Mashujaa, inayomilikiwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) na yenye makao yake katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, iliingia Ligi Kuu ya Tanzania Bara katikati ya mwaka 2023 baada ya kuishinda Mbeya City katika mechi za mchujo, na kuanzia hapo timu zinazowania ubingwa wa nchi zikalazimika kusafiri hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika kutafuta pointi tatu. Katika msimamo wa ligi jambo hilo ni mstari mmoja tu, lakini katika historia ya mji wenyewe ni badiliko kubwa, kwa sababu kwa muda mrefu uhusiano wa Kigoma na soka ya Tanzania ulielekea upande mmoja: mji ulitoa wachezaji, wachezaji wakapanda treni kwenda Dar es Salaam, na kilichorudi ni sauti ya redio ikiwatangazia ndugu zao mabao waliyofunga na yale waliyozuia. Kwa hiyo historia ya Mashujaa haielezeki kwa mabao peke yake, bali inapaswa kusomwa pamoja na historia ya mji unaoihifadhi, ya vijana waliouhama mji huo, na ya utaratibu wa Tanzania ambao umezifanya taasisi za ulinzi kuwa miongoni mwa walezi wakubwa wa mchezo huu.

Kigoma-Ujiji ni mji uliokua kwa vipande. Ujiji, ulio upande wa kusini, ndio mkongwe: katika karne ya 19 ulikuwa kituo kikuu cha misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa, mahali walipokutana Waha wa nyanda za juu, Wamanyema waliovuka kutoka Kongo, Wabwari wa visiwa na rasi za ng'ambo, na wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, na ndiko Henry Morton Stanley alikomkuta David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, mwaka 1871. Kigoma yenyewe, yenye ghuba inayofaa kwa meli, ilipata uzito pale Wajerumani walipoifikisha Reli ya Kati mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na kutokana na reli hiyo mji ukapata sifa ambayo wenyeji wanaibeba kwa fahari hadi leo, ya kuitwa mwisho wa reli. Mwanga ulikua kati ya hizo mbili, juu ya bandari na kando ya barabara iendayo Ujiji, ukawa mahali pa soko, maduka na makazi ya watu waliotoka wilaya za ndani na kutoka ng'ambo ya ziwa, kiasi kwamba kwa wakazi wengi wa leo Mwanga ndio katikati ya mji, ingawa vitabu vya historia huutaja kwa nadra.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 230,000 katika manispaa na karibu milioni 2.5 katika mkoa mzima. Takwimu hizo ni za lazima katika mjadala huu, kwa kuwa Kigoma huhesabiwa kuwa mji mdogo wa soka, na udogo huo si wa watu wala wa vipaji bali umetokana na umbali wake na mahali zilipo fedha, vyombo vya habari na makao makuu ya mashirikisho ya michezo. Mji unaoweza kufikiwa kwa siku moja ya treni au zaidi haukuwa mahali ambapo klabu ya Dar es Salaam ingepeleka wapelelezi wa vipaji kila wiki, wala haukuwa mahali ambapo kampuni ingependa kuweka udhamini wake.

Soka iliingia Tanganyika kwa njia ya shule, misheni, kambi za askari na sehemu za kazi, na ikaenea zaidi baada ya Uingereza kukabidhiwa nchi kufuatia Vita Kuu ya Kwanza. Kigoma ilikuwa na milango hiyo yote kwa pamoja. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, walikuwa wamefika Ujiji tangu mwaka 1879. Reli na bandari zilileta makarani, mafundi, mabaharia na wachukuzi walioishi kwa saa za kazi na kwa hiyo walikuwa na saa za mapumziko. Na Wabelgiji, walioishika Kigoma tangu mwaka 1916, walibakiwa hata baada ya kuondoka mwaka 1921 na haki ya kutumia eneo la bandari kwa bidhaa za Kongo, Rwanda na Burundi. Ng'ambo ya maji, katika makoloni ya Ubelgiji, mpira ulikuwa ukichezwa kwa bidii, na ziwa halikuwa ukuta: kutoka Kigoma hadi Bujumbura kwa njia ya maji ni karibu zaidi kuliko kutoka Kigoma hadi Tabora kwa reli. Ukaribu huo unafaa kukumbukwa na yeyote anayeipima Kigoma kwa kuangalia upande wa Dar es Salaam pekee, kwa sababu klabu ya Vital'O ya Bujumbura, mji ulio kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa hilihili, ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1992, hatua ambayo klabu chache za ukanda huu zimewahi kuifikia katika mashindano ya bara.

Chini ya mashindano rasmi kulikuwa, na bado kuna, tabaka mbili za mchezo ambazo ndizo zilizowalea wachezaji. Ya kwanza ni chandimu, yaani mpira wa watoto usio na idadi maalumu ya wachezaji wala mwamuzi, unaochezwa kwa mpira wa makaratasi na nailoni zilizofungwa kwa kamba, katika uwanja wowote utakaopatikana kati ya nyumba. Ya pili ni soka ya mchangani, ambayo ni mashindano ya mitaa yenye timu zenye majina, jezi za kuchangiana na zawadi ya mbuzi au fedha, na ambayo huvuta watazamaji wengi kwa kuwa kila mchezaji ana mtaa wake uliokuja kumtetea. Kwa mji wa wavuvi, ambao dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa na kazi hupungua mbalamwezi inapong'aa, jioni ya mpira ilikaa vizuri katika mpangilio wa maisha, na vijana waliozoea kuvuta nyavu na kupanda vilima vya Ujiji na Mwanga kwa miguu hawakukosa pumzi ya dakika 90.

Kilichokosekana ni ngazi ya kuwapandisha. Baadhi ya majina makubwa ya soka ya Tanzania yana mizizi Kigoma, lakini karibu yote yalijengwa mbali na hapo. Ukoo wa Manara, ambao asili yake ni Kigoma, ulitoa ndugu watatu, Kitwana, Sunday na Kassim, waliochezea Yanga na timu ya taifa, na Sunday Manara, aliyepewa na mashabiki jina la Kompyuta kwa jinsi alivyoupiga mpira kwa hesabu, anakumbukwa kama Mtanzania wa kwanza kucheza soka ya kulipwa Ulaya, alipojiunga na Heracles ya Uholanzi katika miaka ya 1970. Safari ya familia kama hiyo kutoka mwambao wa ziwa hadi mitaa ya Kariakoo ilifuata njia kongwe: Wamanyema walikuwa wakishuka kwenda pwani tangu enzi za misafara, wakajenga jumuiya na msikiti wao katikati ya Dar es Salaam, na reli ikaifanya njia hiyo kuwa nyepesi zaidi. Mpira haukuanzisha uhamaji huo, uliupa tu sababu nyingine.

Mfano ulio karibu zaidi na kizazi cha sasa ni Juma Kaseja, golikipa aliyezaliwa Kigoma mwaka 1985, ambaye alidumu katika ngazi ya juu kwa takriban miongo miwili akiwa na klabu za Simba, Yanga, Mbeya City, Kagera Sugar na KMC. Mwaka 2003, akiwa bado kijana mdogo, alikuwa langoni pale Simba ilipoivua Zamalek ya Misri ubingwa wa Afrika kwa mikwaju ya penalti jijini Cairo, ushindi ambao bado unahesabiwa miongoni mwa mafanikio makubwa zaidi ya klabu ya Tanzania nje ya nchi. Miaka 16 baadaye, Septemba 2019, akiwa amerejeshwa katika timu ya taifa, Taifa Stars, wakati wengi walidhani zamu yake imepita, alisimama tena langoni dhidi ya Burundi katika hatua ya awali ya kufuzu Kombe la Dunia, mechi mbili zilizokwisha kwa sare ya 1-1 kila moja kabla ya Tanzania kushinda 3-0 kwa penalti. Mtoto wa Kigoma kuizuia Burundi, nchi ambayo milima yake huonekana kutoka sehemu za mkoa wake, ni jambo ambalo watu wa mji huo walilipokea kwa hisia ambazo huenda mashabiki wa mikoa mingine hawakuzielewa sawasawa, kwa kuwa katika familia nyingi za Kigoma mpaka huo umepita katikati ya ukoo.

Wakati wachezaji wakiondoka, mapenzi nayo yaliondoka. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936 na kuitwa Sunderland hadi mwaka 1971, ziligeuka kuwa klabu za nchi nzima kupitia matangazo ya Redio Tanzania, na kila mji ukawa na matawi yake, yaani vikundi vya wanachama na mashabiki vyenye viongozi, bendera na mahali pa kukutania. Kigoma haikuwa tofauti. Mtu angeweza kuzaliwa Ujiji, kuishi Mwanga na kuzeeka bila kuwahi kuuona uwanja wa Dar es Salaam, huku akijua majina ya wachezaji wote wa Simba au Yanga wa miaka 30 kwa mpangilio wa namba zao. Mapenzi ya namna hiyo ni ya kweli na hayastahili kubezwa, lakini yaliiacha timu ya nyumbani, kila ilipojaribu kuinuka, ikiomba nafasi katika mioyo iliyokwisha kujaa.

Hapo ndipo timu ya jeshi ilipokuja kuwa na maana ambayo labda wenyewe hawakuikusudia. Katika Tanzania, timu zinazomilikiwa na JWTZ, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Polisi na Magereza huitwa kwa pamoja timu za maafande, na orodha yake ni ndefu: JKT Tanzania, Ruvu Shooting, Mgambo JKT, Oljoro JKT, Polisi Tanzania, Tanzania Prisons na nyinginezo. Nguvu ya timu hizo haitokani na fedha nyingi bali na uhakika. Wachezaji wengi ni askari au hupata nafasi ya kuajiriwa katika chombo kinachomiliki timu, mishahara haitegemei mapato ya mlangoni, malazi na usafiri hupatikana ndani ya taasisi, na nidhamu ya kambi hufanya mazoezi yasikosekane kwa sababu ya mgogoro wa viongozi. Udhaifu wake nao unatoka palepale, kwa kuwa mwenye timu ni taasisi ya kitaifa ambayo haina wajibu wa kisheria kwa mji fulani, na askari, kwa asili ya kazi yake, huhamishwa. Mashujaa ilitambulika kwa kaulimbiu ya mapigo na mwendo, maneno ya uwanja wa gwaride ambayo yaliwafaa pia wachezaji waliojulikana kwa kukimbia na kukaba hadi kipenga cha mwisho.

Uhusiano wa mpira na jeshi si wa Afrika Mashariki pekee. Huko Uskoti, nchi ambayo ni miongoni mwa zile za kwanza kabisa kuupangia mchezo huu kanuni na mashindano, klabu ya Third Lanark ilizaliwa mwaka 1872 kutoka kikosi cha askari wa kujitolea wa Lanarkshire, ikatwaa ubingwa wa ligi mwaka 1904 na Kombe la Uskoti mara mbili, kisha ikafa mwaka 1967 kutokana na uongozi mbaya, muda mrefu baada ya uhusiano wake na jeshi kukatika. Historia hiyo inaonyesha kwamba timu inaweza kuanzia kambini na kuishia kuwa mali ya watu wa mtaa, na kwamba kuwa mali ya watu hakuikingi dhidi ya kufilisika.

Jina la Mashujaa lilisikika nchi nzima kwa mara ya kwanza tarehe 26 Desemba 2018. Siku tatu kabla yake, Simba ilikuwa imeifunga Nkana ya Zambia 3-1 jijini Dar es Salaam na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, mafanikio yaliyokuwa yamesubiriwa tangu mwaka ule wa Zamalek, na mji mzima ulikuwa bado katika sherehe. Mechi iliyofuata, ya Kombe la Shirikisho la Azam, ilionekana kuwa ya kukamilisha ratiba. Kombe hilo, lililofufuliwa msimu wa 2015/16, huchezwa kwa mtoano, yaani timu inayofungwa huaga mashindano, na huzikutanisha klabu za Ligi Kuu na zile za madaraja ya chini, jambo linaloipa timu ndogo nafasi ambayo ligi ya mechi 30 haiwezi kuipa: siku moja ya kucheza bila hofu dhidi ya mpinzani ambaye hana cha kupata zaidi ya aibu. Mashujaa, ikitoka daraja la chini na ikiwa imesafiri kutoka mwisho wa reli, ilishinda 3-2 katika uwanja wa ugenini na kumtoa bingwa mtetezi wa Ligi Kuu.

Magazeti ya siku iliyofuata yaliandika zaidi juu ya Simba kuliko juu ya Mashujaa, na hilo linaeleweka kwa kuwa ndiko waliko wasomaji. Hata hivyo, kwa kipimo cha historia ya soka duniani, ushindi wa namna hiyo ndio unaozipa klabu za miji midogo kumbukumbu ya kudumu. Berwick Rangers, timu ya mji ulio kwenye mpaka wa Uingereza na Uskoti, bado inatambulishwa duniani kwa mechi moja ya Januari 1967 ilipoifunga Rangers ya Glasgow 1-0, na Inverness Caledonian Thistle kwa ile ya Februari 2000 ilipoifunga Celtic 3-1 katika uwanja wa Celtic wenyewe. Zaidi ya nusu karne baadaye, watu wa Berwick ambao hawakuwa wamezaliwa siku ile wanaisimulia mechi hiyo kama waliiona. Kigoma ina haki ya kuisimulia Desemba ya 2018 kwa namna hiyohiyo, na ni jambo la kusikitisha kwamba ushindi huo haujaandikwa ipasavyo na watu wa mji wenyewe.

Tukio la pili halikuihusu Mashujaa moja kwa moja, lakini liliandaa uwanja, kwa maana zote mbili za neno hilo. Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) liliamua kuipeleka fainali ya Kombe la Shirikisho ya msimu wa 2020/21 katika Uwanja wa Lake Tanganyika, na hatua ya nusu fainali ilipokwisha ikabainika kuwa wanaokutana ni Simba na Yanga, mechi ambayo kwa kawaida watu wa Kigoma waliisikia redioni, kisha wakaiona kwenye mabanda ya video na runinga. Wiki tatu kabla yake, Julai 3, 2021, Yanga ilikuwa imeshinda mechi ya ligi 1-0 jijini Dar es Salaam, kwa hiyo Simba ilikwenda magharibi ikiwa na deni. Fainali ilichezwa Julai 25, ambayo kwa sadfa ni Siku ya Mashujaa, sikukuu ambayo taifa huwakumbuka waliokufa wakiitetea nchi. Yanga ilibaki na wachezaji 10 baada ya kiungo Mukoko Tonombe, raia wa Kongo, kuonyeshwa kadi nyekundu katika kipindi cha kwanza, na dakika za mwisho kiungo wa Simba kutoka Uganda, Taddeo Lwanga, akafunga kwa kichwa bao pekee la mchezo.

Ili kuuelewa uzito wa siku ile ni lazima kufikiria wingi wa safari zilizogeuzwa. Mabasi, treni na ndege ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zikiwapeleka watu wa Kigoma kwenda kwenye mechi, sasa zilikuwa zikiwaleta watu wa mechi Kigoma, na nyumba za wageni za Mwanga, wauza chakula, waendesha bodaboda na wenye mitumbwi walipata biashara ambayo mji wa bandari iliyopungukiwa na meli haukuwa umeiona kwa muda. Uwanja wenyewe, kama vingine vingi vilivyojengwa wakati wa chama kimoja, ulibaki mikononi mwa Chama Cha Mapinduzi baada ya mfumo wa vyama vingi kurejea mwaka 1992, na uliingia katika fainali hiyo baada ya ukarabati uliohitajika ili kukidhi masharti ya shirikisho. Pasipo ukarabati huo, timu yoyote ya Kigoma iliyopanda daraja ingeweza kulazimika kucheza mechi zake za nyumbani katika mkoa mwingine, kama ilivyozipata klabu kadhaa ambazo viwanja vyao vilikataliwa. Mara nyingi mafanikio ya klabu huhesabiwa kwa wachezaji na makocha, ilhali nyasi, vyumba vya kubadilishia nguo na uzio ndivyo vinavyoamua kama timu itacheza mbele ya watu wake.

Miaka miwili baadaye Mashujaa ilipanda. Njia yake ilikuwa ndefu kuliko ya washindani wake na inahitaji maelezo, kwa sababu utaratibu wa kupanda daraja nchini una milango miwili. Katika Ligi ya Championship, ambayo ni daraja la pili na iliitwa Ligi Daraja la Kwanza hadi mwaka 2021, timu mbili za juu hupanda moja kwa moja, na msimu wa 2022/23 zilikuwa JKT Tanzania na Kitayosce. Ya tatu na ya nne hukutana, na mshindi huenda kucheza na timu ya Ligi Kuu iliyoshindwa katika mchujo wa wale walionusurika kushuka moja kwa moja. Mashujaa, iliyomaliza ya nne, ilianza kwa kuiondoa Pamba ya Mwanza, klabu yenye historia kubwa kuliko yake, kisha ikaikabili Mbeya City, timu ambayo iliwahi kuitikisa nchi ilipopanda muongo mmoja kabla, na kuishinda. Timu iliyopanda kwa njia hiyo huwa imekwisha kucheza mechi za kufa na kupona kabla ya kuingia ligi, na huenda ndiyo sababu Mashujaa haikuonekana kuogopa msimu wake wa kwanza, ambao iliumaliza ikiwa salama.

Aprili 2024 kombe liliikutanisha tena na Simba, safari hii katika hatua ya 16 bora na katika uwanja wa Lake Tanganyika. Dakika 90 zilikwisha kwa sare ya 1-1, na Mashujaa ikashinda kwa penalti. Mechi hii, kuliko ile ya mwaka 2018, ndiyo iliyoweka wazi swali ambalo mji ulikuwa haujawahi kulazimika kulijibu kwa sauti: shabiki wa Simba aliyezaliwa na kukulia Ujiji hukaa upande gani pale Simba inapokuja kwake? Majibu yalikuwa mengi kama watu wenyewe. Wapo waliobaki na wekundu wao wa Simba, wapo watani wao wa Yanga walioishangilia Mashujaa kwa sababu zisizohusiana na Kigoma hata kidogo, na wapo, hasa miongoni mwa vijana, ambao kwa mara ya kwanza walikuwa na timu ya Ligi Kuu waliyoweza kuifikia kwa miguu. Kundi hili la mwisho ndilo la kuangaliwa. Mapenzi ya klabu hurithiwa au hupatikana utotoni, na mtoto aliyekuwa na miaka minane siku ile atakuwa na kumbukumbu ambayo baba yake hakuwa nayo.

Swali gumu zaidi ni la umiliki. Soka ya Tanzania ya miaka ya karibuni imeonyesha jinsi timu inavyoweza kung'oka mahali pake: Ihefu, iliyoanzia Mbarali mkoani Mbeya, ilihamia Singida ikiwa katikati ya msimu wa 2023/24 na kubadilishwa jina kuwa Singida Black Stars, na Kitayosce, iliyopanda pamoja na Mashujaa, ilikuwa na asili ya Kilimanjaro kabla ya kuwa Tabora United. Wenye timu walikuwa na sababu zao za kifedha, na sheria za mashindano ziliwaruhusu. Waliopoteza ni watu wa Mbarali ambao walikuwa wamezoea kuwapokea wageni kutoka Dar es Salaam na ambao hawakuulizwa. Nchini Uskoti, mji wa Gretna wenye watu kama 3,000 ulipata msiba wa aina nyingine: tajiri mmoja, Brooks Mileson, aliipandisha klabu yake kutoka daraja la chini hadi fainali ya Kombe la Uskoti mwaka 2006 na Ligi Kuu mwaka 2007, kisha alipougua, fedha zikasimama, na mwaka 2008 klabu ikavunjwa. Ross County, ya mji wa Dingwall wenye watu wapatao 5,500 tu, ilipanda kwa mwendo wa taratibu kutoka ligi ya nyanda za juu na kudumu kwa miaka mingi katika ngazi za juu, ikiwa na mfadhili mkubwa lakini pia ikiwa na mizizi iliyotangulia fedha zake.

Ikilinganishwa na hayo, JWTZ ni mmiliki asiyekufa kwa ugonjwa wala kufilisika kwa bei ya soko, na hilo ni jambo la kuishukuru. Lakini mmiliki wa namna hiyo anaweza kuamua kwa amri ya kiutawala kile ambacho tajiri huamua kwa hesabu, na Kigoma haina karatasi yoyote inayoifungamanisha Mashujaa na mwambao huu. Kinachoweza kuifungamanisha ni wachezaji. Timu ya Ligi Kuu husajili kutoka nchi nzima na nje yake, kama inavyostahili, lakini idadi ya vijana wa mkoa waliomo kikosini ndiyo itakayoamua iwapo mji unaiona kuwa timu iliyoko Kigoma au timu ya Kigoma, na tofauti kati ya hayo mawili huonekana siku ambayo timu inafungwa mara tano mfululizo na majukwaa yanatakiwa kujaa hata hivyo.

Ngazi zipo. Chini ya Championship kuna daraja la tatu, kisha ligi ya mabingwa wa mikoa, kisha ligi ya mkoa, kisha ya wilaya, na kwa kanuni hiyo timu ya mtaa mmoja wa Mwanga inaweza, kwa miaka kadhaa ya ushindi, kufika Ligi Kuu. Kwa mchezaji mmoja njia ni fupi zaidi, mradi awepo mtu wa kumwona: mechi za ligi ya Mkoa wa Kigoma huchezwa palepale ilipo klabu ya Ligi Kuu yenye makocha wa kulipwa, na safari ambayo Kaseja na waliomtangulia walilazimika kuifanya kwa reli inaweza kufanywa kwa matembezi ya nusu saa. Kinachohitajika ni programu ya vijana yenye mwalimu wa kudumu katika Ujiji, Mwanga na Kasulu, wapelelezi wanaokaa kwenye mechi za mchangani, na nafasi za kuandikishwa jeshini zinazowazingatia walioonyesha kipaji. Sambamba na hilo kunahitajika daftari: majina ya waliocheza Desemba 26, 2018 na Aprili 2024, picha za timu za reli na bandari ambazo bado zimetundikwa kwenye kuta za nyumba za Ujiji, na kauli za wazee walioziona, zikusanywe na maktaba ya mkoa au shule ya sekondari iliyo tayari kuzitunza, kwa kuwa wazee hao wanapungua kila mwaka, na hadi sasa hakuna ofisi hata moja mjini iliyopewa kazi ya kuwauliza.